Kukaza Tumbo: Linganisha Makovu Kabla ya Kuchagua Upasuaji

Bendeji kubwa inapotolewa, siku ya kumi au ya kumi na mbili, ndipo wengi huliona kovu lao kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama. Mama mmoja wa watoto watatu, mtu wa Tanga, alishika kioo cha mkononi, akakipitisha taratibu kutoka nyonga ya kushoto hadi ya kulia, kisha akaniuliza: "Sista, mbona limefika huku?" Hakuwa na ugomvi na mtu. Tumbo lake lilikuwa limekaa vizuri, mshono umefunga, hakuna usaha. Ila alikuwa ametarajia kovu kama lile alilolipata alipojifungua kwa upasuaji, la urefu wa kiganja. Akakuta mstari unaomvuka upande hadi upande, na kitovu kimezungushiwa nyuzi. Daktari alikuwa amemweleza, lakini siku ile akili yake yote ilikuwa kwenye tumbo linaloondoka.

Kazi yangu ni kufunga na kufungua vidonda vya upasuaji, na swali lile nimelisikia mara nyingi. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu nikianzia kwenye kovu, wakati wengine huanzia kwenye tumbo. Kukaza tumbo ni mabadilishano: unatoa ngozi iliyolegea, unapewa mstari. Ngozi ya kuondolewa ikiwa nyingi, mstari unakuwa mrefu. Fundi cherehani hawezi kupunguza gauni bila kuweka mshono, na daktari naye ni hivyohivyo. Anayekuahidi kwamba nyama uzembe zote zitaondoka kwa kovu la urefu wa kidole anakudanganya, na nakusihi umkimbie.

Mambo ya kupima

Kila njia nitaipima kwa mambo matano yaleyale. Kwanza, kovu linakaa wapi na lina urefu gani, na je, chupi unayovaa kila siku italifunika? Pili, kitovu: kitaguswa au hapana? Tatu, mshono unaponaje, maana mshono unaovutwa kwa nguvu hupanuka, na sehemu ambayo damu haifiki vizuri huweza kufumuka. Nne, nini kitabaki vilevile baada ya kovu hilo kupatikana. Tano, njia hiyo inamfaa nani.

Kuna jambo la sita lisilotokana na njia yoyote, nalo ni tabia ya ngozi yako mwenyewe. Hilo nimelitenga chini kwa sababu linastahili nafasi kubwa, na kwa watu wa ngozi nyeusi ndilo lingepaswa kuulizwa la kwanza.

Upasuaji mdogo wa tumbo

Kovu: linakaa chini kabisa, juu kidogo ya kinena, na mara nyingi huwa refu kidogo tu kuliko kovu la uzazi. Kama tayari una kovu la uzazi la kulala, daktari huweza kulikata na kulitoa, mstari mpya ukakaa palepale.

Kitovu: kwa kawaida hakikatwi kuzungukwa, kwa hiyo hakipati kovu. Huweza kushuka kidogo kwa kuvutwa na ngozi.

Uponaji: ngozi inayovutwa si nyingi, kwa hiyo mshono hauna mzigo mkubwa. Wengi hupona upesi.

Kinachobaki: hapa ndipo watu hukosea. Njia hii hushughulikia eneo la chini ya kitovu tu. Ngozi iliyolegea juu ya kitovu inabaki, na michirizi ya juu inabaki. Misuli iliyoachana kuanzia chini ya mbavu ni vigumu kuifikia yote kupitia mkato mfupi. Nimeshuhudia mtu aliyechagua upasuaji mdogo kwa kuogopa kovu refu, ilhali tumbo lake lilikuwa la upasuaji kamili. Chini palinyooka, juu pakabaki kunyanyuka kama mkate. Aliishia kukatwa tena, kovu refu akalipata, na ganzi akapewa mara mbili.

Anayefaa: mtu mwembamba au wa wastani, ambaye akisimama mbele ya kioo ngozi inayomsumbua iko chini ya kitovu peke yake. Watu wa namna hii ni wachache kuliko wanaoiomba njia hii.

Upasuaji kamili wa tumbo

Kovu: linatoka karibu na ncha ya mfupa wa nyonga upande mmoja, linashuka juu ya kinena, linapanda hadi nyonga ya pili. Ni refu, hakuna namna nzuri ya kulisema. Kinachoweza kuchaguliwa ni kimo chake. Huko nyuma, daktari Howard Kelly wa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1899 kuhusu kuondoa tumbo linaloning'inia, shida ilikuwa kumwondolea mgonjwa mzigo, na alama haikuwa hoja. Ivo Pitanguy wa Brazili ndiye aliyesaidia sana kueneza mkato wa chini unaojificha ndani ya nguo ya kuogelea, katika maandishi yake ya mwaka 1967. Mpaka leo madaktari wanafuata wazo hilo: mstari uchorwe mgonjwa akiwa amesimama, kabla ya ganzi, huku ngozi ikivutwa juu, kwa sababu ngozi ya tumbo ikishakazwa huelekea kupandisha kovu. Nenda siku hiyo na chupi unayoipenda, na omba mstari uchorwe ndani ya mipaka yake. Ni ombi la kawaida kabisa, usione haya.

Kitovu: kinakatwa pembeni kuzunguka, kinabaki kwenye shina lake, ngozi ya juu inashushwa, kisha kinatobolewa mahali papya na kushonwa. Kwa hiyo kuna kovu la pili, na hili halifichwi na chupi. Daktari mwangalifu huingiza nyuzi ndani ya kishimo ili mstari usionekane kwa juu. Kikipona vibaya huweza kusinyaa na kuwa kitundu kidogo, au kikabaki na duara nene. Ukiangalia picha za kazi za daktari, angalia kitovu kabla hujaangalia kiuno. Tumbo bapa huweza kupatikana kwa wengi, lakini kitovu kinachoonekana cha kuzaliwa nacho kinahitaji mkono mzuri.

Kuna alama ya tatu ambayo haitajwi mara nyingi. Kama ngozi yako ya juu haijalegea vya kutosha, lile tundu la kitovu cha zamani haliwezi kushuka hadi kwenye mkato wa chini likatupwa. Daktari analiziba kwa mshono mfupi wa wima, kati ya kitovu kipya na kinena. Muulize waziwazi: "Tundu langu la zamani litafika chini au litabaki?" Jibu analipata kwa kubana ngozi yako kwa mikono yake pale pale chumbani.

Uponaji: mshono wa katikati, juu ya kinena, ndio unaovutwa zaidi na ndio ulio mbali na njia za damu. Kukifumuka mahali, mara nyingi ni hapo. Wiki ya kwanza hivi utatembea umeinama na kulala umekunja magoti, na mito chini yake. Usijinyooshe kwa nguvu ili kuonyesha kwamba umepona, maana unauvuta mshono. Mara nyingi kuna mirija ya kutolea majimaji, nayo huacha vialama vidogo ambavyo daktari huvificha kwenye mshono au kwenye vinyweleo. Kwenye ncha mbili za kovu huweza kubaki kifundo cha nyama kinachochomoza. Vingi hutulia vyenyewe, na visivyotulia hukatwa baadaye kwa ganzi ya sehemu, lakini kovu linaongezeka urefu kidogo.

Kinachobaki: michirizi ya chini ya kitovu huondoka na ngozi yake, ya juu inashuka na kubaki. Kovu la uzazi kwa kawaida huondolewa lote. Kovu la zamani la chini ya mbavu upande wa kulia, la kutoa kibofu cha nyongo kwa mkato wa wazi, ni jambo zito: limeshakata baadhi ya njia za damu za ngozi itakayovutwa. Mwambie daktari hata kama lina miaka 20. Na eneo la chini ya kitovu litakufa ganzi kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka. Usiweke chupa ya maji ya moto hapo, utaungua bila kuhisi.

Anayefaa: mama aliyemaliza kuzaa, ambaye uzito wake umetulia kwa miezi 6 au zaidi, ngozi imelegea juu na chini, na misuli imeachana kiasi kwamba mazoezi hayakuirudisha. Misuli hiyo hushonwa kwa ndani na haiongezi kovu la nje.

Upasuaji wa kuzunguka na wa mstari wa wima

Kovu: hizi ni njia mbili, lakini naziweka pamoja kwa kuwa wanaozihitaji ni walewale, watu waliopungua kilo nyingi sana kwa kujinyima, kwa puto linaloingizwa tumboni kupunguza njaa au kwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Katika ya kwanza, kovu la chini linaendelea hadi ubavuni au linazunguka kiuno lote kama mkanda. Katika ya pili, juu ya kovu la kulala kunaongezwa kovu la wima, kutoka chini ya kifua hadi kinena.

Kitovu: kinashonwa upya. Katika njia ya wima kinakaa ndani ya mstari wenyewe.

Uponaji: mrefu kuliko njia zote. Pale mstari wa wima unapokutana na wa kulala, pembe za ngozi hupata damu kidogo, na kidonda cha hapo kufunguka ni jambo tunaloliona mara nyingi. Si mwisho wa dunia. Kinafungwa siku baada ya siku hadi kinajaa nyama, ila hapo kovu litakuwa pana.

Kinachobaki: kidogo sana, na hiyo ndiyo faida. Ngozi iliyozidi kwa upana haiwezi kuondolewa kwa kuivuta chini peke yake.

Anayefaa: mtu ambaye ngozi imemning'inia pande zote, inamchubua, inamnyima kukimbia. Wagonjwa hawa wamenifundisha kitu. Wana makovu marefu kuliko wote ninaowahudumia, na wengi wao ndio wanaolalamika kidogo zaidi. Wanajua walichobeba. Lakini mwenye ngozi iliyozidi kidogo tu, kovu la wima litamuuma moyo kila akioga.

Kuondoa pazia la chini peke yake

Hii huchanganywa na upasuaji kamili. Kinachokatwa ni ile nyama inayoning'inia juu ya mapaja. Kovu ni refu la kulala, kama la upasuaji kamili au zaidi. Kitovu mara nyingi hakihamishwi. Uponaji huwa mgumu zaidi kwa wenye uzito mkubwa na kisukari, kwa sababu ya unyevu na wadudu wa ngozi. Misuli haikazwi na kiuno hakitengenezwi. Humfaa mwenye vidonda na fangasi visivyoisha chini ya mkunjo, anayetafuta nafuu kabla ya umbo.

Kutoikata ngozi

Kovu: kufyonza mafuta huacha vitundu vya milimita chache, na kwenye ngozi nyeusi huweza kubaki vidoa vyeusi kwa miezi. Mazoezi na mkaja haviachi chochote.

Kitovu hakiguswi, ingawa mara nyingi kitundu kimoja hufichwa ndani yake. Uponaji ni mfupi.

Kinachobaki: ngozi yote. Mafuta yakitoka chini ya ngozi iliyolegea, ngozi huweza kuning'inia zaidi. Mkaja tuliofungwa na mama zetu baada ya kujifungua unashika mgongo na unampa mzazi nguvu ya kusimama, lakini hauondoi ngozi. Mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia huweza kuipa misuli iliyoachana nguvu na kupunguza maumivu ya mgongo, na wapo waliotosheka hapo.

Anayefaa: mwenye ngozi inayorudi ukiivuta na mafuta ya mahali pamoja, mwenye mpango wa kuzaa tena, na yeyote ambaye ngozi yake hunenepesha makovu.

Ngozi yako inasemaje

Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, alilipa kovu linalotambaa jina la keloidi, kutoka neno la Kigiriki la gando la kaa. Aliyewahi kuona kaa akinyoosha magando pembeni analielewa jina hilo mara moja: keloidi haikai ndani ya mipaka ya kidonda, inatoka nje na kushika ngozi ya jirani isiyo na kidonda. Kovu nene la kawaida ni tofauti. Linanyanyuka, linawasha, lakini linabaki ndani ya mstari wake, huanza wiki chache baada ya upasuaji, na linaweza kutulia lenyewe. Keloidi huweza kuchelewa kwa miezi, na haitulii bila tiba. Ukiikata tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, na wakati mwingine kubwa kuliko mwanzo.

Keloidi huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, vijana, na wale ambao ndugu zao wanazo. Hupenda ndewe za masikio, kifua, mabega na taya. Tumbo la chini si mahali pake pa kwanza, lakini si mahali salama pia.

Basi kabla ya kuangalia picha za watu, jikague. Shika ndewe pale palipotobolewa, je, kuna kigololi kigumu? Tazama alama ya chanjo ya kifua kikuu mkononi au begani, ni bapa au imefura? Wanaume, pitisheni kidole kisogoni mnaponyolewa. Waulize mama, shangazi na dada zako. Mwisho tazama kovu la uzazi, kama unalo, maana ndilo shahidi mkubwa: liko mahali palepale, kwenye ngozi ileile. Likiwa bapa na laini baada ya miaka 2, hiyo ni dalili njema, ingawa si ahadi. Likiwa limetanda kama kamba na linawasha hadi leo, hilo ni jibu, na daktari anayelipuuza hakufai.

Na tuseme la mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Ngozi iliyozipaka kwa muda mrefu inakuwa nyepesi, uzi haushiki vizuri, kidonda kinachelewa. Mwambie daktari ukweli hata kama ndugu zako hawajui. Hali kadhalika sigara na shisha: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kingo za mshono hufa na kuwa nyeusi. Acha angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada.

Miezi 18 ya kovu

Wiki mbili za kwanza kovu hupendeza. Ni uzi mwembamba, kila mtu anakusifia. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa tatu linabadilika, linanyanyuka, linakuwa gumu, linawasha usiku. Kwenye ngozi nyeupe linakuwa jekundu. Kwetu linakuwa zambarau au kahawia nzito, karibu na nyeusi. Hapo ndipo simu huanza kuja, na wengine hukimbilia kupaka kila kinachouzwa. Mara nyingi huo ndio mwendo wa kawaida, mwili unajenga kwa haraka kabla ya kupunguza. Kuanzia mwezi wa sita hupoa, na huendelea kulainika na kufifia hadi mwezi wa 12 au wa 18. Usilihukumu kabla ya hapo. Nguvu yake pia hukua polepole: baada ya wiki 6 mshono una takriban nusu ya nguvu ya ngozi isiyokatwa, na hata ukikomaa haufiki zaidi ya asilimia 80 hivi. Ndoo ya maji na mtoto mgongoni visubiri ruhusa ya daktari.

Visivyo vya kawaida ni hivi: kingo kuwa nyeusi, harufu, usaha, homa, au tumbo kujaa majimaji yanayocheza ukiligusa. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya ghafla ya mguu au kukosa pumzi ni dharura, huenda damu imeganda, usisubiri asubuhi.

Kulihudumia kovu

Silikoni, iwe karatasi au jeli, ndiyo inayopendekezwa zaidi na wataalamu wa makovu. Huanza kidonda kikishafunga kabisa, kwa kawaida baada ya wiki 2 au 3, na karatasi yake inavaliwa saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi 2 au 3. Kwenye joto la pwani hutoa jasho na vipele, kwa hiyo ioshwe na ngozi ikaushwe kila siku. Wasioivumilia watumie jeli. Ni ghali. Plasta ya karatasi inayobandikwa juu ya mstari kwa wiki kadhaa ni nafuu, hushika kingo zisivutwe, na kwa mwenye mfuko mdogo ni chaguo la heshima.

Mafuta ya nazi na mengineyo hulainisha, na kukanda kovu lililofunga kunasaidia lisishikamane. Hayajathibitishwa kuzuia keloidi. Vitamini E huwatoa wengine vipele. Kidonda kibichi kisipakwe chochote kati ya hivyo, wala dawa ya meno, wala unga wa vidonge vya antibiotiki vilivyofunguliwa, jambo ninalolikuta mara kwa mara na linaloniumiza kila nikiliona.

Sindano za steroidi ndani ya kovu, kila wiki 4 hadi 6, ni za kovu lililokwisha kunenepa. Zinafanya kazi vizuri zikianza mapema, lakini huweza kuacha weupe kuzunguka mstari. Leza huweza kupunguza rangi na unene, ila kwenye ngozi nyeusi inataka mkono uliozoea ngozi nyeusi, la sivyo inachoma na kuacha doa. Jua nalo hulifanya kovu bichi kuwa jeusi zaidi: lifunike kwa nguo mwaka mzima, au upake losheni ya kukinga jua.

Kulingana na hali yako

Umemaliza kuzaa, ngozi imelegea juu na chini, kovu lako la uzazi ni bapa: upasuaji kamili unastahili kufikiriwa, na mazungumzo na daktari yawe juu ya kimo cha mstari na umbo la kitovu. Ukiwa na ngozi ya chini tu, bana nyama ya juu ya kitovu ukiwa umekaa. Kama hakuna cha kushika, upasuaji mdogo unakutosha.

Bado unataka mtoto mwingine: subiri. Mimba italivuta upya tumbo na kovu. Na kama umejifungua karibuni, mpe mwili kama mwaka, kunyonyesha kuishe kwanza.

Umepungua kilo nyingi na ngozi inakuchubua: usiogope neno "kuzunguka" au "wima", lakini kwanza angalia damu yako, protini na sukari, kwa sababu waliopungua kwa upasuaji wa tumbo la chakula mara nyingi wamepungukiwa na virutubisho ambavyo mshono unavihitaji.

Una keloidi masikioni au kifuani lakini kovu la uzazi ni safi: hujakataliwa. Nenda kwa daktari mwenye mpango ulioandikwa wa silikoni na sindano tangu mwanzo. Kovu la uzazi lenyewe likiwa keloidi, mimi ningekushauri uanze na njia zisizokata, na umwone daktari wa ngozi kabla ya daktari wa upasuaji.

Hujui nani wa kumwamini: hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, au ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, kama uko huko, na uulize kama ni bingwa wa upasuaji rekebishi. Sifa ya ubingwa huo hutolewa pia na COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Omba picha za makovu ya mwaka mmoja, kwenye ngozi ya rangi yako. Picha ya wiki ya tatu haikuambii kitu.

Unapanga kwenda Uturuki au India: daktari wa huko atakuwa nawe siku chache, kovu litakuwa nawe miezi 18 likibadilika. Kabla ya kukata tiketi tafuta hapa nyumbani atakayetoa nyuzi, atakayekupiga sindano likinenepa, na atakayekupokea mshono ukifunguka usiku. Rudi na ripoti ya upasuaji iliyoandikwa kwa lugha anayoisoma daktari huyo, na uulize siku ngapi zipite kabla ya kupanda ndege, kwa ajili ya hatari ya damu kuganda.